JE, KUDAI FIDIA NI KUKOSA SHUKRANI?



Nawasalimu kutoka Mbuya, hapa Kampala. Wengi wenu huko kambini mna mtoto au ndugu aliyekuja mjini kutafuta kazi. Kwa hiyo nawaandikia juu ya swali lililonisumbua.

Ndugu mmoja wa kanisa letu alikuwa akibeba matofali kwenye jengo. Ngazi ya miti ilikatika, akaanguka, mkono ukavunjika. Bosi alilipa plasta, akampa nauli, akamwambia aende apumzike. Wiki ya tatu nilimkuta nyumbani, mke wake anakopa unga dukani. Nikamwuliza kwa nini hajarudi kudai. Akajibu: "Pasta, yule mzee alinipa kazi wakati sikuwa na mtu. Mimi ni mkimbizi tu. Nikimdai, si nitaonekana sina shukrani? Na wewe unatufundisha kusamehe."

Nilinyamaza, kwa maana kweli nimehubiri hivyo. Lakini usiku niliona kwamba tumechanganya mambo mawili.

Kusamehe ni kuondoa chuki moyoni. Fidia si kisasi. Ni sehemu ya gharama ya jengo, kama saruji na misumari. Someni Kutoka 21:18-19: hata baada ya ugomvi, aliyejeruhi anadaiwa gharama ya matibabu na ya siku ambazo mwenzake hakufanya kazi. Tena kumbukeni Paulo kule Filipi, Matendo 16. Usiku alimbatiza mlinzi wa gereza pamoja na jamaa yake. Asubuhi alikataa kuondoka kwa siri, akaitaja haki yake. Alisamehe, na alidai.

Mtasema, Paulo alikuwa raia, sisi ni wageni. Ni kweli. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi ya kujipatia riziki. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamtaka mwajiri alipe anayeumia kazini, pamoja na matibabu yake, hata kama mfanyakazi mwenyewe alikuwa mzembe. Akilemaa kabisa asiweze kazi tena, fidia ni mshahara wa miezi 60. Hapa hatuombi sadaka.

Kumbukeni pia kwamba Uganda haina posho ya serikali kwa mtu aliyepoteza kazi. Basi ndugu yule asipodai, deni halifi. Linahamia kwa mke wake, kwa watoto, kwa mwenye duka. Tena kesho kijana mwingine atapanda ngazi ile ile mbovu. Upole wetu kwa bosi unalipwa na nani?

Basi, ukiumia kazini, mjulishe mwajiri mapema, kabla mwezi mmoja haujapita, na afadhali kwa maandishi. Tunza karatasi za hospitali na risiti. Andika majina ya walioona. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Tafuta mtu akusomee. Mkishindwa kuelewana, nenda kwa ofisa wa kazi wa mahali pale ulipoumia.

Lakini nawasihi, tudai kwa ukweli. Usiongeze siku za ugonjwa, usitaje mshahara ambao hukuupata. Mkimbizi mmoja akidanganya, wengine kumi hawataaminiwa.

Wiki ile ile nilimsindikiza ndugu yetu kwa bosi. Alimwamkia kwa heshima, akamshukuru kwa kazi, ndipo akaeleza dai lake. Bosi alikasirika. Sasa jambo liko kwa ofisa wa kazi, na jibu halijatoka. Lakini tulipokuwa tukirudi aliniambia: "Pasta, leo nimeweza kumshukuru bila kumwogopa."

Tumwombee, na tumwombee bosi pia.

Amani ya Bwana iwe nanyi.

Ni mimi ndugu yenu, mchungaji wa Mbuya.