Kijana wa Okolona, Shika Hadubini

Somo: Danieli, sura ya 1



Fungueni kitabu cha Danieli, muwatazame vijana wanne waliotolewa Yerusalemu na kupelekwa Babeli. Walifika bila shamba, bila ukoo, hata majina yao yakabadilishwa. Mfalme akaagiza wafundishwe maandishi na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Je, walikataa? Chakula cha mfalme walikikataa, ndiyo. Darasa hawakulikataa! Na Maandiko yanashuhudia kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa ustadi katika elimu ile ya ugenini. Tena tazameni walivyojitetea: waliomba siku 10, wao wale mboga na kunywa maji, wenzao wale posho ya mfalme, kisha nyuso zao zilinganishwe. Hilo ni jaribio la kisayansi, wapendwa! Anayekuambia kwamba imani na maabara haviketi meza moja, mfungulie sura hiyo asome.

Sasa nakuja kwako, kijana wa Okolona, hapa Louisville. Wazazi wako walitoka Uvira, Fizi au Bukavu kule Kongo, pengine wewe ulizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na umekulia hapa kati ya Preston Highway na Outer Loop. Umemaliza Southern High School, na kabla joho halijakunjwa tayari uko uwanja wa ndege usiku wa manane, unabeba maboksi. Sidharau boksi. Boksi limelipa kodi ya nyumba, limetuma pesa ya matanga Baraka na karo ya wadogo zako Kigoma. Ila nakusihi: boksi likulipie masomo, lisiyameze!

Na somo ninalokusihi ulisome ni mikrobiolojia, elimu ya bakteria, virusi, kuvu na viumbe vyote ambavyo jicho tupu halivioni. Kwa nini hilo? Kwa sababu sisi tunavijua vijidudu kwa uchungu. Goma, Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache. Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia 2018 hadi 2020, Ebola iliondoka na watu 2,287. Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, ndiko aina mpya ya mpox ilikogunduliwa 2023, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Tumezika. Tumelia. Tutasoma lini?

Nina mashahidi wawili. Wa kwanza ni mtoto wa mji huu wa Louisville, Simon Flexner, aliyezaliwa 1863. Baba yake alikuwa mhamiaji Myahudi kutoka Bohemia, mchuuzi wa kutembeza bidhaa. Simon hakung'ara shuleni, akapelekwa kufanya kazi katika duka la dawa. Hakukomea hapo. Alipata shahada ya udaktari hapa hapa Chuo Kikuu cha Louisville mwaka 1889, akaendelea Johns Hopkins, na kufikia 1900 alikuwa ametenga kutoka kwa wagonjwa wa Manila bakteria anayeitwa leo kwa jina lake, Shigella flexneri. Ndiye bakteria ambaye mpaka leo anawaharisha damu watoto wa kwetu! Mtoto wa mchuuzi mhamiaji akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rockefeller kule New York. Nani amekuambia kwamba mji huu hautoi watu?

Shahidi wa pili ni Mkongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 1976 alifika Yambuku na kuchukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu, kabla ulimwengu haujajua kwamba ule ni Ebola. Mwaka 1995 kule Kikwit aliwaongezea wagonjwa 8 wa Ebola damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Wakubwa wa sayansi walitilia shaka; yeye akashikilia. Kutoka kwa mtu mmoja aliyepona Kikwit ikapatikana kingamwili iliyotumika kutengeneza dawa ya Ebanga, dawa iliyojaribiwa Kivu na kuidhinishwa Marekani Desemba 2020. Akili ya Kongo! Damu ya Kongo!

Najua mama mmoja ananong'ona: mchungaji, je, inalipa? Swali la haki, nalijibu. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa mwanamikrobiolojia ukizidi dola 85,000 kwa mwaka. Lakini sitakudanganya madhabahuni: kazi zenye jina hilo ni chache, kama elfu 20 nchi nzima. Mlango mpana ni maabara za hospitali, zenye kazi zaidi ya laki 3 na mshahara wa kati unaopita dola 60,000. Huko ndiko wanakootesha vimelea vya mgonjwa, wakavitambua, wakavijaribu kwa dawa moja baada ya nyingine, ili daktari ajue ipi itaponya na ipi imeshazoewa.

Kuna pia kazi ya maji. Kati ya 1895 na 1897 mhandisi George Fuller alijaribu hapa Louisville namna ya kuchuja maji machafu ya mto Ohio, na majaribio yale yakafundisha miji mingi kujikinga na homa ya matumbo. Maji yale yanahitaji wapimaji hata leo. Viwanda vya nyama vinahitaji wa kuwasaka Salmonella na Listeria. Hata bourbon ya Kentucky haitoki bila hamira inayolindwa na wataalamu. Sikutumi kunywa, nakutuma kupima!

Basi sikia onyo. Shahada isiyopita maabara ni jembe lisilo mpini. Usiridhike na cheti cha ukutani. Mwaka wa pili nenda ukabishe hodi kwa profesa, uombe kazi ya maabara, hata ya kuosha vyombo. Kemia usiikimbie, takwimu usizikimbie. Ukitaka hospitali, tafuta programu ya sayansi ya maabara ya tiba iliyoidhinishwa, kama ile ya Bellarmine, ufanye na mtihani wa cheti wa ASCP. Usihangaike na jina la shahada: hata ikiitwa biolojia, kinachohesabika ni masomo uliyosoma ndani yake.

Ada? Anza Jefferson Community and Technical College, uhamie chuo kikuu baadaye. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada. Na wewe wa maboksi, tangu 1998 upo mpango wa Metropolitan College, ambao kampuni ya UPS inawalipia ada wafanyakazi wake wa usiku wanaosoma. Nenda kaulize masharti. Wangapi wamepita mlango huo kila usiku bila kuuliza?

Wazazi wangu, na ninyi nawasihi. Msimtoe mtoto darasani kila mara akatafsiri miadi ya hospitali. Ombeni mkalimani, ni haki yenu. Msiseme ni udaktari au aibu. Mtoto akichelewa maabara, msimwite mtoro.

Na kuna jambo zito kuliko mshahara. Ebola ilipokuwa Beni na Butembo, uvumi ulienda mbio kuliko ugonjwa. Vituo vya matibabu vilichomwa moto, na Aprili 2019 daktari Mkameruni Richard Mouzoko aliuawa Butembo akiwa kazini. Watu waliogopa wageni waliovaa mavazi ya ajabu na kuzungumza wasiyoyaelewa. Angekuwepo mwana wao wenyewe, aliyesoma, akaketi nao barazani na kuwaeleza kwa Kiswahili chao, wangapi wangesikia? Mwana huyo anaweza kuwa wewe!

Kwa hiyo Jumatatu mwone mshauri wa masomo. Jioni nenda maktaba ya South Central, uazime kitabu cha kemia. Wakikuuliza nani amekutuma, waambie umetumwa na walio Kamituga na Fizi, wanaongoja jibu la maabara wasijue litatoka kwa nani. Litoke kwako! Inuka ukasome, na Bwana akutie nguvu. Amina.