Kasisi Aliyeketi Kufundishwa

Mwezi huu twataka kuuliza jambo moja. Mtu aliyewekwa kufundisha, je, aweza kukaa chini na kufundishwa na watu wale wale aliotumwa kwao? Au akifanya hivyo ameishusha kazi yake? Tutalitazama swali hili kwa mfano wa mbali, yaani muziki wa jigi wa nchi ya Ayalandi, kwa kuwa katika habari zake yumo kasisi mmoja wa ushirika wetu wa Kianglikana.

Jigi ni muziki wa kuchezea. Mapigo yake huenda sita sita, yakigawanyika matatu matatu, kama mtoto arukavyo njiani akitumwa dukani. Sehemu ya kwanza hupigwa mara mbili, ya pili vivyo hivyo, kisha hurudiwa tangu mwanzo. Hupigwa kwa fidla, kwa filimbi, au kwa zumari la mfuko ambalo upepo wake hautoki kinywani bali katika mvukuto mdogo unaobanwa kwa kiwiko. Kwa desturi, wapigaji wote hushika sauti ile ile moja; hakuna soprano wala besi. (Hapo besi wetu wangenung'unika.)

Sisi tuliozoea sol-fa twaweza kudhani kwamba ukishapata karatasi umeupata wimbo. Sivyo. Noti tatu zilizoandikwa sawasawa hazipigwi sawasawa, na yale mapambo madogo ya vidole karatasi hayawezi. Kwa hiyo mwanafunzi huketi karibu na mzee, husikiliza, hushika kipande kidogo, hukosea, hurudishwa. Na mahali wanapokusanyika kupiga pamoja, asiyeujua wimbo hunyamaza mpaka uishe. Kunyamaza huko ni kazi ngumu, hasa kwa mtu mwenye elimu.

James Goodman alizaliwa mwaka 1828 katika jimbo la Kerry, upande wa Dingle, mtoto wa kasisi. Alikua akisema Kiayalandi pamoja na majirani zake, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki maskini. Naye akawa kasisi, baadaye Kanoni, na tena profesa wa lugha hiyo katika Chuo cha Trinity, Dublin. Lakini mtu huyo alijua kupiga zumari, na katika miaka ya 1860 aliandika kwa mkono wake nyimbo nyingi mno. Zote pamoja zapita 2,000. Nyingine alizinakili vitabuni. Mamia alizipata kwa sikio kutoka kwa mpiga zumari aliyeitwa Tom Kennedy. Basi tuwaone wawili hao: Kanoni mwenye shahada na mpiga zumari wa kijijini, na anayeambiwa "rudia tena" ni nani?

Tusiipite haraka hali ya nyakati zile. Kuanzia mwaka 1845 viazi vilioza mashambani, na kwa njaa ile na maradhi yake walikufa watu kama milioni moja; zaidi ya hao wakavuka bahari. Pamoja nao nyimbo nyingi zilikwenda kaburini. Na huko Dingle Kanisa letu lililaumiwa kwamba liliwapa wenye njaa chakula ili wabadili dini. Waliolaumu walizidisha, wengine husema. Hata hivyo uchungu ulibaki, na mtu aliyevaa kanzu yetu hakuweza kuingia nyumba ya jirani bila kuangaliwa mikono: amekuja na nini, na anataka nini? Goodman alikuja akiomba. Hatudai kwamba jambo hilo lilifuta lile la kwanza. Twasema tu kwamba mwenye kutoa siku zote huketi juu, na yeye alikubali kuketi chini.

Mmoja wetu amesema: huo ni wakati wa mchungaji uliopotea, kwani mwisho wa dansi ni ulevi. Hatulipuuzi neno hilo, tumezika vijana. Lakini hofu nayo ina makosa yake. Mwaka 1935 Bunge la Ayalandi lilipitisha sheria ya kutaka leseni kwa dansi za hadhara, jambo ambalo maaskofu wa Katoliki walikuwa wamelishikilia sana. Sheria ile ikatumiwa hata juu ya dansi ndogo za nyumbani, zile ambazo bibi na mjukuu hucheza pamoja jikoni, na watu wakahamia kumbi kubwa za kulipia. Waliotaka kuondoa dhambi waliondoa wazee. Wala tusiwacheke ndugu zetu, maana Mikali hakuwa Mkatoliki alipomtazama Daudi dirishani.

Nasi huku mitaani mwetu tunao wazee wajuao nyimbo za mavuno na za kubembelezea watoto. Huja kanisani kila Jumapili, hukaa viti vya nyuma, nasi huwafundisha. Hatukumbuki ni lini mhubiri wetu yeyote alikwenda kwao jioni bila daftari la michango.

Kanoni Goodman alifariki mwaka 1896. Maandiko yake yalikaa Trinity, na kitabu cha kwanza cha nyimbo zile kilichapishwa mwaka 1998. Huko Skibbereen, penye kanisa alilolitumikia, ipo sanamu yake akipiga zumari.