Kisenge na Deni la Miji ya Haraka

Gharama ya mji huulizwa mara mbili. Mara ya kwanza wanaouliza ni wajenzi, kabla msingi haujachimbwa: reli itakula fedha kiasi gani, nyumba ngapi zitatosha, faida itaanza kuonekana lini. Mara ya pili wanaouliza ni waliobaki, baada ya wajenzi kwenda zao, na hao hawana mhasibu wa kuwajibu. Kisenge, mji wa manganizi ulioko kwenye reli kati ya Kolwezi na Dilolo, katika jimbo la Lualaba, umekaa na swali hilo la pili kwa nusu karne. Wakati umefika wa kulisikiliza, kwa sababu miji ya haraka inajengwa tena katika ukanda wetu wa shaba na kobalti, na hesabu zake zinaandikwa kwa namna ileile.

Jangwani mji wa haraka hutambulika upesi, maana huko hakuna kitu kingine kinachoweza kudhaniwa kuwa ndicho kilichowavuta watu. Kolmanskop, katika jangwa la Namib, ulizaliwa baada ya almasi kuokotwa mwaka 1908. Mji ukapata hospitali, ukumbi wa dansi na kiwanda cha barafu katikati ya mchanga. Kisha almasi kubwa zaidi zikaonekana kusini, karibu na mto Orange, watu wakaanza kuhama, na kufikia mwaka 1956 hapakuwa na mkazi. Leo mchanga umeingia vyumbani na kupanda kutani. Anayetazama picha za nyumba hizo husema kwa wepesi: nani alimtuma mtu kujenga mji jangwani? Lawama yote hubebeshwa mchanga, na watu waliofanya maamuzi hutoka wakiwa safi.

Kisenge inatunyima faraja hiyo. Huku mvua hunyesha karibu nusu ya mwaka, miti ya miombo imesimama, na ardhi inakubali mihogo. Walunda na Wachokwe waliishi katika nchi hii kabla ya kampuni yoyote kupiga hema. Mji wa namna hii ukikauka, lazima tutafute ukame wake mahali pengine.

Reli ndiyo iliyotangulia. Njia ya Benguela, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300 kutoka bandari ya Lobito, ilifika mpaka wa Kongo mwaka 1929, na mwaka 1931 ikaunganishwa na reli ya Katanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya chuma vya dunia vilikuwa na njaa ya manganizi, madini yanayokipa chuma uimara wake, na ambayo pia hutiwa ndani ya betri za tochi na redio. Kampuni ya Beceka-Manganèse, ya ukoo wa kampuni ya reli ya BCK, ikachimba Kisenge, na mji ukasimama kando ya machimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya tani 300,000 zilikuwa zikitoka kila mwaka kuelekea Atlantiki.

Kisha mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata reli. Hapo ndipo tofauti kati ya jiwe na jiwe ilipoamua hatima ya watu. Shaba ya Kolwezi ni ghali kwa kila tani, hivyo ingeweza kuvumilia safari ndefu ya kusini, au ile ya treni, meli ya mto na treni tena hadi Matadi. Manganizi ni nzito na bei yake ni ndogo. Kuizungusha nusu ya bara kungemeza thamani yake yote kabla haijaiona bahari. Kwa hiyo Kolwezi ikaendelea kupumua, na Kisenge, ambayo ardhi yake haikuwa imeishiwa madini, ikasimama. Machi 1977 vikaja vita vile vinavyokumbukwa kama Vita vya Siku Themanini, na Kisenge ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kutekwa na wapiganaji waliotoka Angola. Mji uliokwisha kupoteza soko lake ukapoteza na utulivu.

Tuseme basi kwamba jangwa la Kisenge lilikuwa umbali. Lakini umbali ulikuwapo tangu siku ya kwanza, na kila mhandisi aliujua. Uliwekwa kwenye mizani, ukaonekana unavumilika kwa sababu mwenye mtaji angeweza kuuvumilia. Hakuna aliyewauliza wafanyakazi kama wao pia wangeweza.

Na wafanyakazi hao walikuwa wamepewa vingi. Utaratibu uliojengwa na kampuni ya madini ya Union Minière huko Katanga tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, wa kumtuliza mfanyakazi pamoja na familia yake, ulikuwa ndio kielelezo cha miji ya migodi: nyumba kambini, posho, zahanati, shule ya watoto, uwanja wa mpira. Gécamines, kampuni ya serikali, iliporithi mali za Union Minière, watu wa Kolwezi na Likasi waliendelea kuiita kampuni baba na mama. Sidharau mapenzi yaliyokuwa ndani ya maneno hayo. Mtoto aliyezaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma katika shule ya kampuni, akaoa kwa mshahara wa kampuni, ana haki ya kuyasema. Ila mema yote yaliingia kwa mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo ulikaa mbali. Mji ulipewa kila kitu isipokuwa sababu ya pili ya kuwapo.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo ninalotaka kulisema. Tumfikirie kijana aliyeajiriwa Kisenge mwaka 1965 akiwa na miaka 20. Reli ilipokatika alikuwa na miaka 30, pengine na watoto watatu na ustadi wa kazi ambayo haikuwapo tena. Lundo la manganizi iliyokwisha kuchimbwa lilibaki mjini likingoja treni. Machi 2018, baada ya reli ya Angola kujengwa upya na Wachina, shehena ya kwanza ya manganizi ya Kisenge ilifika tena Lobito, tani zipatazo elfu moja ndani ya makontena. Jiwe lile lilikuwa limengoja miaka 43 bila kupungukiwa na kitu. Bei ya siku hiyo haikuliuliza umri wake. Kijana wetu, kama alikuwa bado hai, alikuwa na miaka 73.

Jiwe linaweza kungoja. Mtaji nao unaweza kungoja, au ukahamia penye faida zaidi na kurudi siku nyingine. Mtu ana miaka yake michache ya nguvu, na mtoto ana miaka yake michache ya shule, na hiyo haihifadhiwi ghalani. Gharama kubwa ya mji wa haraka imefichwa katika tofauti hii. Umewakutanisha mahali pamoja, kwa mkataba mmoja, wenye muda na wasio na muda, kisha hatari ya kusimama kwa kazi ikawaangukia wale wasio na muda. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Kisenge lilikuwa na tani, mabehewa na nauli. Miaka ya watu haikuwa na safu yake, ndiyo maana imepotea bila habari.

Kolwezi inapaswa kuisoma Kisenge kama habari yake yenyewe. Mji huo ulioanzishwa mwaka 1937 umekwisha kuonja kusimama kwa kazi mara moja: uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliopita tani 470,000 mwaka 1986, ulianguka chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa malipo ya mkupuo mmoja. Sasa kobalti imeuamsha tena. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka Lualaba. Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni makao makuu ya jimbo, hoteli zimeongezeka, malori yamejaa barabarani. Huko Kasulo, baada ya madini kugunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, watu walichimba mashimo ndani ya nyua zao na hata sebuleni, mpaka mamia ya kaya yakahamishwa. Juni 2019 wachimbaji zaidi ya 40 walifukiwa katika machimbo ya kampuni ya KCC walikokuwa wameingia kutafuta riziki.

Kungoja kumeendelea kugawanywa vilevile. Bei ya kobalti ilipanda hadi zaidi ya dola 90,000 kwa tani mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikashuka chini ya dola 30,000. Novemba 2019 Mutanda, mgodi uliokuwa ukitoa kobalti nyingi kuliko mwingine wowote duniani, ukasimamishwa ili kungoja nyakati bora. Uamuzi huo ulikuwa na maana kwa mwenye mgodi, kwani madini yake hayakwenda popote. Februari 2025 serikali nayo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili bei ipande, na kuanzia Oktoba ikaweka viwango vya kuuza. Nchi ina haki ya kulinda thamani ya ardhi yake, na huenda hatua hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo mchimbaji anayeuza gunia leo ili watoto wale bukari, ugali wa kwetu, jioni hawezi kuihifadhi njaa mpaka bei ipande.

Nasikia jibu la haki kabisa: maskini pia ana haraka. Mama anayetafuta dawa ya mwanawe hataki kusikia mpango wa miaka thelathini. Anataka kazi ifike wiki hii. Aliyeshiba ndiye hupenda kuwahubiria wengine subira. Nakubali, na kwa sababu hiyo siilaumu haraka yenyewe. Ninachokataa ni haraka ambayo faida yake inaenda kwa mmoja na hatari yake kwa mwingine. Haraka ya mama ni ya kuokoa maisha. Haraka ya mkataba ni ya kuwahi bei. Zikikutana, ya pili isijifanye kuwa ni ya kwanza.

Sheria yetu imeanza kulitambua hili. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni pia zinapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Mfuko wa vizazi vijavyo una wazo zito ndani yake, kwamba mtu ambaye hajazaliwa anaweza kuwa mdai. Ningependa tuongeze mdai mwingine aliye karibu zaidi, yaani mtu mzima aliye hai ambaye kazi yake itasimama kesho asubuhi. Mfuko wake uwekwe tangu tani ya kwanza, usimamiwe mahali anapoishi, na ulipe siku kazi inaposimama, bila kujali nani ameisimamisha.

Reli ya Lobito, ileile ya Benguela, sasa inazungumzwa Washington, Brussels na Luanda. Kampuni ya Lobito Atlantic Railway ina kibali cha miaka 30 upande wa Angola, na Marekani imeahidi mkopo wa dola milioni 553. Wanaoipanga wanahesabu siku ambazo shaba itaokoa katika safari ya kwenda baharini. Kisenge ina haki ya kuuliza hesabu nyingine: yatakuwapo mabehewa ya abiria? Mihogo na mahindi yatapata nafasi na nauli inayolipika? Umeme utakaovutwa kwa ajili ya mashine utaingia shuleni? Treni ikikatika tena, mji utakuwa na njia gani ya kuishi ambayo haukuwa nayo mwaka 1975?

Swali hilo la mwisho linatupeleka kwa watu waliobaki. Wajenzi wa Kisenge walikaa muda usiozidi miongo michache. Waliobaki wamelima, wamezika wazazi, wamesomesha watoto kwa walichonacho, wamesuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, na kwa miaka zaidi ya 50 wameifanya ile iliyokuwa kambi kuwa mji. Nisieleweke kuwa nasifu shida. Kukosa kazi na dawa hakumfundishi mtu lolote ambalo hakuwa na haki ya kujifunza akiwa ameshiba. Nasema tu kwamba maana ya mahali haikuja na mashine, wala haikuondoka nazo. Iliwekwa polepole na watu ambao jina lao halimo katika mkataba wowote. Kama mwanzilishi wa mji ni yule anayeufanya ukalike, basi waanzilishi wa Kisenge ni wao, na mazungumzo yoyote mapya juu ya manganizi, reli au umeme yanapaswa kuanza kwa idhini yao.

Kutoka hapo natoa kanuni moja, nayo inaihusu Kolwezi kama inavyoihusu Kisenge, na inauhusu kila mji utakaoinuliwa kwa mwendo wa bei ya dunia. Mwenye kitu kinachoweza kungoja ndiye alipe gharama ya kungoja. Sharti hilo liandikwe katika ukurasa wa kwanza wa mkataba, kabla ya tani na kabla ya tarehe, na mkataba usio nalo usitiwe saini.