Uaminifu wa Mkutubi

Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Elimu nayo ni mali.

Wako wamchekao kijana wa Kisii asomaye ukutubi, wakidhani anajifunza kupangusa vumbi tu. Lakini fikiri, msomaji: katika mpango ulioanzishwa na Melvil Dewey mwaka 1876, vitabu vya kilimo cha chai hukaa penye nambari 633. Mkutubi mvivu akikitia kimoja penye 363, mkulima wa Nyamira atakitafuta asikione, arudi nyumbani mikono mitupu. Hapana aliyeiba, wala hapana atakayeshtakiwa. Hata hivyo mtu amedhulumiwa.

Basi uaminifu hasa ni kumtendea haki mtu usiyemjua, mahali ambapo hapana akuonaye.