Tarehe Moja ya Desemba



Wako watu wasemao kwamba siku fulani ina mkosi na siku fulani ina baraka. Sikilizeni basi.

Tarehe 1 Desemba 1916 Padri Charles de Foucauld aliuawa kwa risasi huko Tamanrasset, katika jangwa la Sahara. Alipokufa hakuwa na mfuasi hata mmoja wa kuishi naye. Tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, Sista Anuarite aliuawa huko Isiro, katika nchi yetu, kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake. Naye alimsamehe muuaji wake.

Je, tarehe hiyo ina mkosi? Sivyo. Kanisa limeifanya siku ya ukumbusho wao: Anuarite alitangazwa mwenyeheri mwaka 1985, Foucauld mtakatifu mwaka 2022. Si siku iliyowatakasa, bali neema ya Mungu ndani yao.

Nasi wa Salamabila tumezijua siku za bunduki na kilio. Tusizihesabu kwa kisasi. Ajiandaaye kwa Ubatizo na amtaje leo aliyemkosea, amwombee kwa Mungu.

Tumsifu Yezu Kristu.