Fungu la Chombo

Mpwa wangu anataka kuacha kazi ya mshahara Mombasa arudi Lamu kukodisha mashua kwa wageni. Amekulia Shela. Upepo ukishika tanga na mabaharia wakapanda ubao wa upande wa juu kuituliza mashua, huyo huwa mtu mwingine kabisa, na furaha ile sijamwona nayo ofisini. Wazee nyumbani wanamwambia mapenzi ya bahari hayalipi karo. Mimi niko upande wake, ila nina sharti moja: asianze kwa mkopo.

Mgeni huja na saa yake. Hotelini ameandikiwa kwamba safari ya Takwa ni saa tatu asubuhi, basi anaitaka saa tatu. Lakini magofu yale yako kisiwani Manda, na chombo huyafikia kwa mkondo unaopita katikati ya mikoko. Maji yakipwa, mashua hukaa topeni. Tena maji hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyofaa Jumatatu haifai tena Alhamisi. Nahodha asiyedaiwa humweleza mgeni, wakapanga upya. Anayedaiwa hukubali kila analoambiwa.

Topeni mtu hupoteza saa chache tu. Kwenye upepo wa kusi mambo ni mazito zaidi. Julai na Agosti, Ulaya wako likizoni, na huku kwetu kusi bado lina nguvu. Katika mkondo wa kati ya Lamu na Manda unaweza kutembeza watu kwa raha. Ukiipita Shela kutoka nje, unakutana na mawimbi ya bahari kuu. Familia imeshalipa, watoto wameshavaa jaketi za kujiokolea, na nahodha anatakiwa aseme, "Leo hatutoki." Kulitamka neno hilo na kurudisha pesa za watu kunahitaji akiba, na ujasiri peke yake hautoshi. Nahodha aliyelazimika kutoka siku ambayo moyo wake umekataa ataanza kuichukia bahari, na hilo ndilo ninalomhofia mpwa wangu kuliko hasara.

Wavuvi wetu wana hesabu ya zamani inayofaa hapa. Mapato yakigawanywa, kila baharia hupata fungu lake, na chombo nacho hupata lake. Fungu hilo ndilo linalonunua pamba ya kukalafati, mafuta ya sifa na kitambaa cha tanga. Masika yakiingia, kuanzia Aprili hadi Juni, mashua hupandishwa pwani, na mbao hudai matengenezo wakati wageni hawapo.

Katika biashara ya utalii, wenye vyombo wengi wameiacha hesabu hii. Mwenye mashua huchukua nauli, baharia akangojea bakshishi. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma, na ni hatari pia, maana anayeishi kwa bakshishi hushindwa kusema upepo umegeuka, turudi, mbele ya mgeni anayetaka kuendelea. Mwenye fungu hana sababu ya kunyamaza.

Na kuna misimu isiyotabirika. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda. Mwaka 2020 ikaja korona. Mara zote mbili wageni walikatika ghafla, huku marejesho ya benki yakibaki na tarehe zake.

Kwa hiyo nimemshauri atafute mashua iliyokwisha kutumika, aipeleke kwa mafundi wa Matondoni waitazame mkuku na mataruma kabla hajatoa hata shilingi, kisha mwaka wa kwanza auze safari fupi za ndani. Nimemwahidi kununua tanga. Bei atapanga mwenyewe. Mabaharia wake wataiona hesabu ya kila safari, na fungu la chombo litawekwa kwa mama yake mpaka masika.