Ufa Hauna Tenda

Kama ulisomea shule ya msingi Kenya, umewahi kuandika insha ya "usipoziba ufa utajenga ukuta." Hadithi ni ile ile: mtu anaona ufa, anapuuza, mvua inanyesha, nyumba inaanguka, anajuta. Mwalimu anatia alama, nasi tunaenda nyumbani tukiamini kwamba anayeacha ufa ni mvivu au mjinga.

Lakini methali hiyo ina sharti ambalo hatukufundishwa: anayeuacha ufa ndiye atakayelipia ukuta. Ndiyo maana inatisha. Watenganishe hao wawili, mmoja aamue na mwingine alipe, na onyo linapoa. Kisha ongeza jambo moja: anayeamua apate faida ukuta unapojengwa. Hapo methali imekuwa mpango wa biashara.

Miji yetu mingi imefika hapo. Chukua Kitale na Bungoma. Katiba ya 2010 inazipa kaunti kazi ya barabara za kaunti, taa za barabarani, taka na mitaro ya maji ya mvua. Karibu zote ni kazi za kurudiwa. Mtaro uliozibuliwa mwaka huu utajaa tena mchanga na chupa za soda mwaka ujao. Taa itaungua. Shimo lililozibwa litafunguka. Kazi hii ikifanywa vizuri, matokeo yake ni kwamba hakuna kinachotokea: maji yanapita, boda haianguki, duka halifuriki. Na ni nani amewahi kuona mheshimiwa akikata utepe kwa sababu duka halikufurika? Ukuta una tenda, una kontrakta, una jiwe lenye jina. Ufa una kibarua mmoja na sepetu yake.

Hata lugha ya bajeti imeegemea upande wa ukuta. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Nia ilikuwa njema, mishahara isimeze kila kitu. Lakini kujenga mtaro mpya huitwa maendeleo, na kuzibua ule wa zamani kwa kawaida huingia kwenye matumizi ya kawaida, safu moja na mishahara, mafuta ya magari na chai ya mikutano. Kwa hivyo kaunti iliyoacha mtaro ufe kisha ikajenga mwingine inaonekana, kwa karatasi, imeendelea kuliko ile iliyoutunza. Inachekesha, kwa sababu neno lenyewe linatokana na kuendelea, na kinachoendelea ni kile ambacho hakijakoma. Mtaro unaopitisha maji kwa mwaka wa ishirini ndio maendeleo kamili.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mvua za huku huanza Machi au Aprili. Mtaro unafaa kuzibuliwa Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu na vibarua wanaweza kushuka ndani. Lakini mgao kutoka Nairobi huchelewa, na ile mbio ya kumaliza pesa kabla ya Juni hutukuta mvua imeshaingia. Mvua haisomi bajeti.

Usidhani pesa za ufa hazikuchangwa. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli inabeba shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Abiria wa matatu ya Kitale kwenda Webuye anazilipa ndani ya nauli, na anayenunua nyanya zilizoletwa na pikapu anazilipa pia. Lakini mwaka wa 2025 serikali kuu iliweka shilingi 7 kati ya hizo rehani, ili ipate pesa za kulipa madeni ya makontrakta wa barabara. Yaani sehemu ya tulichochanga kuziba nyufa imeenda kulipia kuta.

Sasa swali lenyewe: ufa ukiachwa, anayekosewa ni nani? Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mzigo na manufaa ya matumizi ya pesa za umma yagawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na kijacho. Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiria mikopo ya nje. Lakini ufa nao ni deni, ila halina karatasi. Anayekopa benki hutia sahihi, na jina lake linabaki. Anayeacha kalvati izibe amekopa bila sahihi, na atakayelipa labda leo yuko chekechea Matisi au Kanduyi. Mimi naona huu ni wizi wa polepole, na upole wake ndio unaotufanya tusiuite wizi.

Kuna wenye pingamizi, na wana hoja. Wa kwanza ni mtu wa Kipsongo, atakayeuliza: nitunziwe nini, na sijapewa kitu? Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Reli ilipoufikia 1926 ilikuja kuhudumia mashamba yao. Tukisema tutunze tu kilichopo, tunawatunza waliotangulia kupewa. Kweli kabisa. Kipsongo ijengewe. Lakini barabara inayokufa baada ya mvua tatu hakupewa, aliazimwa, na ikifa ndiye anayeumia zaidi. Mwenye gari atazunguka. Yeye atavuka na viatu mkononi. Ukimjengea mtu bila kutenga pesa za kutunza, umempa picha ya kampeni.

Wa pili atasema: afadhali jengo, angalau linaonekana. Ukarabati ni rahisi kuula, maana nani atathibitisha mtaro ulizibuliwa? Basi kumbuka wilbaro za Bungoma. Mwaka wa 2015 ilijulikana kwamba kaunti ilinunua wilbaro 10 kwa shilingi 109,320 kila moja, na nchi nzima ikawaka. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anajua bei ya wilbaro. Ni wangapi wetu wanajua bei ya kilomita moja ya lami? Vitu vidogo huliwa, ndiyo, lakini mwananchi wa kawaida anaweza kuvikagua kwa macho yake. Mtaro wa mtaani kwako huhitaji mhandisi akuambie kama umezibuliwa. Unangoja mvua moja tu.

Bungoma iliona pia namna nyingine ya kuziba ufa. Juni 1, 2024, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, na uwanja ukakarabatiwa kwa ajili ya siku hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna ubaya kupona kwa sababu ya mgeni. Ubaya ni kumngoja. Kama mji unaweza kupendeza wakubwa wakija, basi uwezo upo mwaka mzima, na kilichopungua ni kuamini kwamba sisi tunaoishi humo tunastahili kilekile. Nyumba inayofagiliwa wageni wakija tu inawaambia watoto wake kitu kuhusu thamani yao, hata kama hakuna anayekisema.

Na hapa lawama inatugusa sisi wapiga kura. Kila kampeni tunauliza, "Umetujengea nini?" Swali hilo linazaa kuta. Kiongozi aliyetumia miaka mitano akitunza alivyovikuta hana jibu la kutupa, na tutamwambia hakufanya kitu. Tunawafundisha viongozi kuacha nyufa, kisha tunashangaa wakifaulu.

Vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti viko wazi kwa yeyote, ingawa vijana huenda wachache. Ukienda, wacha orodha ya unavyotaka vijengwe. Chagua kitu kimoja kilichojengwa mtaani kwenu miaka mitatu iliyopita, kalvati, choo cha soko, taa ya stendi, halafu uliza mbele ya watu: ile iko aje, na ni nani analipwa kuitunza?